Ipi kali? Swali bovu hilo!

Jamani, maofisini siku hizi wimbo ni mmoja: "Ipi kali, ChatGPT, Gemini au Copilot?" Utadhani tunabishania Simba na Yanga! Swali lenyewe ndilo bovu.

Hebu tuulize ya maana. Kwanza, karatasi zetu zinakwenda wapi? Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa kampuni ndani ya ChatGPT. Mwezi Mei kampuni ikawapiga marufuku wafanyakazi kutumia programu za aina hiyo. Sisi Bongo tunabandika orodha za mishahara kwenye akaunti ya bure, eti tunaokoa muda, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo!

Pili, nani anahakiki? Mwaka huo huo mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao aliiuliza kama ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Wao na ofisi yao wakatozwa faini ya dola 5,000. Mashine haikulipa hata senti.

Kwa hiyo, bosi, usichague kwa jina wala kwa ubure. Chukua muhtasari wa kikao kisicho na siri, kwa Kiswahili chetu, uzipe zote tatu. Aliyekuwepo kikaoni alinganishe. Soma masharti ya data. Na anayetia saini ndiye ahakiki. Asiyeweza hayo, abaki na kalamu yake.

Au nyie mwasemaje?