Meno ya difu yahesabiwe kabla fedha haijatoka mfukoni

MVUA za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika kipindi hicho wenye pikapu za kubebea mahindi, mpunga na tumbaku huko Katumba hukumbuka tena kwamba njia ya shambani na barabara ya lami ni vitu viwili tofauti. Wengi hufunga tairi kubwa ili gari lipite juu ya matope. Kweli linapita, lakini baada ya wiki chache mwenye gari huona nguvu imepungua: gia ya kwanza haipandi kilima na mzigo, klachi inanuka, dizeli inaisha upesi. Hapo ndipo fundi anaposema, "Mzee, badilisha difu."

Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Linalotusikitisha ni namna unavyotekelezwa. Mtu anatuma fedha mjini, analetewa difu iliyotoka kwenye gari bovu na kuambiwa kwamba hiyo "ina nguvu". Ina nguvu kiasi gani, hakuna aliyehesabu.

Nguvu ya difu ni hesabu ya meno. Ndani yake kuna gia kubwa ya duara, krauni, na gia ndogo inayoizungusha, pinioni. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 hutoa 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 ili tairi izunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari huvuta zaidi na kukimbia kidogo. Tairi kubwa hufanya kinyume, na ndiyo maana gari lilipoteza nguvu.

Kwa hiyo chukua futi kamba upime. Tuseme tairi ya zamani ilikuwa na kimo cha sentimeta 80 na mpya ina 90. Zidisha 4.1 kwa 90, ugawanye kwa 80; unapata takriban 4.6. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta ili gari lirudie hali yake ya kwanza. Kwa Land Cruiser, viwanda vya vipuri hutengeneza seti za 4.56 na 4.88. Anayekwenda Tabora mara kwa mara atafute ya kwanza; anayeshinda porini na mzigo anaweza kuifikiria ya pili.

Asiyejua namba ya gari lake anaweza kuipata bila kufungua kitu. Weka vizuizi kwenye magurudumu, toa gia zote, achia breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja la nyuma na kuliwekea stendi imara. Lizungushe mara mbili kamili huku msaidizi akihesabu mizunguko ya propela. Akihesabu minne na kidogo, uko kwenye 4.1. Akikaribia minne na robo tatu, ni 4.7, namba ya Land Rover nyingi za zamani.

Land Rover hizo zinatufikisha kwenye kosa lenye gharama kubwa kuliko yote. Defender nyingi zina difu ya 3.54. Fundi akiweka ya 3.54 mbele na kuacha 4.7 nyuma, gari litatembea vizuri tu mpaka siku dereva atakapoingiza gia ya magurudumu manne. Hapo magurudumu ya mbele yatataka kwenda sentimeta 133 wakati ya nyuma yanakwenda 100. Kwenye tope yatateleza. Kwenye ardhi kavu kitavunjika kitu, ama propela, ama gia za giaboksi ndogo ya kugawa nguvu. Difu za mbele na nyuma hubadilishwa pamoja, au zisiguswe.

Pia zisinunuliwe mbili za aina moja kwa kudhani zitaingia. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka baada ya mwaka 1999, difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma na meno yake yamekatwa kinyume.

Krauni na pinioni ni mke na mume. Husagwa pamoja kiwandani, na seti nzuri huwa na namba inayofanana kwenye vipande vyote viwili. Krauni ya hapa na pinioni ya pale zitapiga mluzi, kisha zitakula meno. Bajeti iwe na beringi mpya, oili sili na shimu, na fundi apake rangi kwenye meno kuona yanavyogusana kabla ya kufunga. Anayesema rangi ni kupoteza muda, mtafute mwingine. Oili iwe ya daraja la GL-5. Kilometa 800 za kwanza zisiwe na mzigo mzito, kisha oili imwagwe.

Baada ya kusema yote hayo, maoni yetu ni kwamba wengi wa wenye magari Katumba hawahitaji gharama hii. Sasa lami inatoka Mpanda kupitia Koga hadi Tabora, na difu yenye namba kubwa huko ni kuchoma dizeli bure. Kwa gari linaloingia shambani wiki chache tu kwa mwaka, kurudisha tairi za kimo cha kiwandani, zenye meno ya matope, ni nafuu zaidi. Na difu yoyote haiongezi uwezo wa springi wala breki. Gunia la ziada linabaki kuwa la ziada.

Jambo hili si dogo kwa Katumba. Makazi haya yaliyoanza kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 yaliishi miaka mingi kwa vibali vya kutoka, mazao yakimsubiri mnunuzi aje na gari lake. Vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwaka 2014, na leo mkulima anaweza kupeleka mzigo wake sokoni mwenyewe. Gari likilala juu ya mawe msimu wa mavuno, anarudi kwa mnunuzi yuleyule na bei ileile ya shambani.

Tunawaomba wauza vipuri waandike idadi ya meno ya krauni na pinioni kwenye kila risiti ya difu. Na mnunuzi asiyeiona idadi hiyo aombe kifuniko kifunguliwe, ahesabu mwenyewe hapohapo dukani.