Tusilipie Darasa la Forex Kabla ya Kuoneshwa Hesabu

Muhula huu tena vijana wa vyuo wametoa boom lote, fedha yao ya kujikimu, kulipia kozi ya forex. Mitihani haijafika, akaunti imeshaungua, kodi ya chumba inadaiwa, na mwalimu yuko Instagram anatangaza darasa jipya akiwa ameegemea gari. Sababu tunazijua: ajira hakuna, simu iko mkononi, na nani anapenda kubaki nyuma? Kinachouma ni kwamba vijana hao tunawaita wavivu wenye tamaa, huku aliyepokea fedha zao tukimwalika redioni na kumpa ukumbi. Tunamheshimu anayekula, tunamtukana aliyeliwa.

Ndugu zangu, kwa anayeanza, darasa la kulipia halistahili bei yake, na asitoe mtu hata shilingi mpaka mwalimu aoneshe hesabu. Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji katika Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika biashara ya CFD, yaani mikataba ya tofauti ya bei, ambayo ndani yake imo forex ya mtandaoni, hupoteza fedha. Tutaambiwa hao hawakusoma. Basi tutazame Brazil, ambako watafiti waliwafuatilia watu walioanza kati ya 2013 na 2015 kununua na kuuza mikataba ya soko la hisa ndani ya siku moja. Miongoni mwa waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara, na haikuonekana dalili kwamba uzoefu uliwafunza. Kama soko lenyewe halikuwafunza kwa siku zote hizo, wikiendi mbili za ukumbini zitafanya nini? Wala ada kubwa si dawa. Mwaka 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Online Trading Academy, ikidai kuwa ilikusanya zaidi ya dola milioni 370 kwa ahadi za mapato zisizo na msingi, na kwamba baadhi ya mafunzo yake yalifika dola 50,000. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka huohuo.

Wapo wanaouliza: fundi cherehani hulipwa kwa kufundisha, huyu kwa nini asilipwe? Fundi tunaiona nguo ya mwanafunzi wake ikivaliwa mtaani. Katika forex ya muda mfupi, faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, na dalali ameshakata chake kwa wote wawili. Tena walimu wengi hupewa kamisheni na dalali kila mwanafunzi anapofungua oda, ashinde ashindwe. Waaminifu wapo, sikatai: wanaoeleza pip na loti, vipimo vya mwendo wa bei na ukubwa wa oda, na namna mkopo wa dalali unavyofuta mtaji kwa dakika chache. Elimu hiyo ni ya kweli, lakini inapatikana bure. Akaunti ya demo, yaani ya majaribio, haina malipo, na Soko la Hisa la Dar es Salaam limewahi kuwashindanisha wanafunzi kununua na kuuza hisa kwa fedha za kubuni.

Tukatae kwa pamoja, maana tunaliwa mmoja mmoja. Mwalimu akija, mwombeni namba ya akaunti yake halisi kwenye programu ya MetaTrader na lile neno la siri la kutazama tu, lisiloruhusu kugusa kitu, muone miezi 24 mfululizo. Msikubali picha ya faida ya Ijumaa moja. Akikataa, darasa zima liinuke litoke. Serikali za wanafunzi zimnyime kumbi, redio zikatae matangazo yake. Nchini Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutoa leseni kwa madalali wa forex chini ya kanuni za 2017. Mkitajiwa dalali wa huko, ikagueni orodha ya wenye leseni, mkijua kwamba leseni ya dalali haithibitishi ujuzi wa mwalimu. Mamlaka zetu hapa Tanzania nazo ziamke.

Na nyinyi mliopoteza, nawasihi, semeni. Ukimya wenu ndio unaomletea mwalimu huyo wanafunzi wapya. Wazazi, mtoto akikiri kwamba fedha zimekwenda, msimfokee. Kaeni naye, andikeni kiasi, tarehe na namba iliyopokea malipo, mzipeleke taarifa hizo polisi na kwa viongozi wa chuo, wiki hiihii, kabla darasa jingine halijajaa.