Sudoku haitaki hesabu, inataka utulivu

Kama uko kijiweni, agiza kahawa na kashata, azima na penseli. Leo tuna somo dogo.

Huku kwetu Vingunguti, ukiona kijana kainamia karatasi yenye namba, tisa kati ya kumi ujue ni mkeka wa mpira. Fumbo la Sudoku gazetini analiruka. Muulize sababu, utasikia: "Achana nalo ndugu yangu, hesabu zilinipiga chenga tangu shule."

Tusidanganyane. Sudoku haina kujumlisha wala kutoa. Namba zile ni majina tu. Ungeweka matunda tisa, embe, nanasi, papai na wenzake, mchezo ungekuwa ule ule.

Ichukulie kama nyumba ya kupanga. Ina vyumba 9, kila chumba kina vitanda 9, jumla vitanda 81. Wapangaji ni 1 mpaka 9. Masharti ya mwenye nyumba ni mafupi: namba isijirudie ndani ya chumba, wala kwenye mstari wa kulala, wala kwenye mstari wa kusimama. Basi!

Wewe mgeni anzia penye watu wengi. Tuseme mstari wa kulala una 5, 3, pengo, 6, pengo, 8, 9, 1, 2. Waliokosekana ni 4 na 7. Nani akae wapi? Usikurupuke. Tazama mstari wa kusimama unaopita kwenye pengo la kwanza. Kama 7 yupo tayari huko, hapo hana nafasi. Anakaa 4, na 7 anakwenda pengo la pili. Umeona? Hujapiga hesabu hata moja.

Mbinu ya pili ni kumfuatilia mpangaji mmoja. Chukua vyumba vitatu vya juu. Chumba cha kwanza, 5 yuko mstari wa juu. Chumba cha pili yuko mstari wa kati. Basi chumba cha tatu lazima awe mstari wa chini. Kama vitanda viwili vya mstari huo vina watu, kimebaki kimoja tu. Mweke.

Ukikwama, andika kwa udogo pembeni ya pengo namba zote zinazoweza kukaa hapo, halafu futa moja moja kadiri unavyogundua. Ndiyo maana nikasema penseli! Lakini usibahatishe. Namba moja ya kubahatisha inaweza kukaa kimya, ukaja kugundua umeharibu ukiwa umejaza nyingine ishirini.

Mchezo wenyewe una safari ndefu. Mmarekani Howard Garns, msanifu majengo, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wake. Ulichapwa huko mwaka 1979. Wajapani wakaupokea mwaka 1984 na kuupa jina la Sudoku. Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuuchapa, ukasambaa duniani. Garns hakuyaona hayo, alifariki mwaka 1989.

Sasa turudi kwa yule mwenzetu wa mkeka. Ukikaa naye atakueleza nani kaumia, nani ana kadi, nani hafungi ugenini. Kichwa kile kinachambua vizuri sana! Ila anakitumia mahali ambapo akili yote ikishamaliza kazi, mpira unaweza kugonga mwamba na hela ikaenda. Kwenye Sudoku hakuna mwamba. Kila namba ina sababu yake, na sababu hiyo unaiona kwa macho yako.

Ni wengi mno walioaminishwa shuleni kwamba hawana akili, nao wakaamini. Kwao fumbo moja jepesi lililojaa lote bila kubahatisha ni jibu zuri kuliko cheti. Jaribu wiki hii, halafu mpe penseli na jirani yako.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.