Mashine iliyosifiwa duniani, ikashindwa kufika wodini

Mama ana siku tatu tangu ajifungue. Macho na ngozi ya mwanawe vimekuwa vya manjano, na daktari ameagiza mtoto awekwe kwenye taa. Mama anapoingia wodini anamkuta amelala na nepi tu, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na juu yake inawaka taa ya bluu. Kwa macho ya mama, huyo ni mtoto anayepigwa na baridi. Anatoa kanga begani, anamfunika vizuri, kisha anakaa pembeni, moyo umetulia.

Nesi akipita anashtuka.

"Mama, nani kakwambia umfunike? Huo mwanga ndio dawa yake!"

"Nisamehe nesi, nilimwona kama anatetemeka."

Tukio la aina hii si geni katika wodi za watoto wachanga, na mara nyingi huishia kwa mama kugombezwa. Lakini yupo mhandisi wa mitambo ambaye angelitazama kwa namna nyingine. Kwake yeye, mama hana kosa na nesi hana kosa. Kosa ni la taa inayoshindwa na kanga.

Jibu hilo hakulipata darasani. Alilipata baada ya kushindwa, tena hadharani.

Mashine nane zilizonyamaza

Desemba 2004, tsunami iliupiga mji wa Meulaboh nchini Indonesia. Misaada ikamiminika kutoka kila upande, na miongoni mwake hospitali ya mji huo ilipokea mashine nane za kuwatunzia joto watoto njiti. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2008, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi.

Sababu hazikuwa za ajabu. Umeme ulikuwa unapanda na kushuka, na hewa ya joto yenye unyevunyevu iliziharibu. Vitabu vya maelekezo ya matengenezo navyo viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wafanyakazi hawakuweza kuisoma.

Hasara ya mashine kama hiyo haipimwi kwa fedha peke yake. Mtoto njiti ana mafuta kidogo sana chini ya ngozi, hivyo hupoteza joto haraka. Akipata baridi, nguvu ambayo angeitumia kunyonya na kukua anaitumia kujipasha joto. Akichoka, hupumua kwa shida, na anaweza kufa katika chumba ambacho mtu mzima anaona kina joto la kutosha.

Timothy Prestero, mhandisi wa mitambo aliyesoma Chuo cha MIT nchini Marekani, aliona hali hiyo, na likaibuka swali zuri. Katika miji ambayo mashine za hospitali hufa na kubaki stoo, ni kitu gani huharibika kila siku na kesho yake kikarudi barabarani?

Jibu lilikuwa magari. Karibu kila mji una gereji, fundi na duka la vipuri.

Yeye na wenzake wa shirika la Design that Matters wakabuni mashine ya kutunza joto iliyotumia vipuri vya gari. Taa za mbele zilitoa joto. Feni ya dashibodi ilisambaza hewa. Kengele ya mlango ilitoa tahadhari mambo yakienda kombo, na umeme ukikatika betri ya pikipiki ilishika zamu. Waliiita NeoNurture. Mwaka 2010 jarida la TIME la Marekani liliiweka kwenye orodha ya uvumbuzi 50 bora wa mwaka huo.

Baada ya sifa zote hizo, mashine haikuingia sokoni.

Walichosahau

Mwaka 2012, Prestero alisimama jukwaani jijini Boston na kuueleza mkasa huo mwenyewe. Hakuwalaumu madaktari, hakuzilaumu serikali. Alieleza kile ambacho timu yake haikukifikiria.

Walikuwa wamemfikiria mtoto na fundi. Hawakumfikiria mwenye kiwanda atakayekubali kuitengeneza, wala anayeamua hospitali inunue nini, anayelipa na anayesafirisha. Mashine ya wodini hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia mtoto, na mmoja tu akisema hapana, safari inaishia hapo.

Wengine wangeendelea kutembeza picha za mashine hiyo kwenye maonyesho. Wao walianza upya, safari hii wakianzia kwa wale waliowasahau. Walishirikiana na MTTS, kampuni ya Vietnam ambayo tayari ilikuwa inatengeneza vifaa vya watoto wachanga, na shirika la East Meets West lililokuwa tayari linavifikisha hospitalini. Tatizo walilolichukua lilikuwa manjano ya watoto wachanga.

Manjano hayo hutokana na bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto mchanga bado halina kasi ya kuiondoa. Watoto 6 hivi kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati hupata manjano katika wiki ya kwanza, na kwa njiti ni wengi zaidi. Wengi hupona bila tiba. Lakini kiwango kikipanda sana, bilirubini huingia kwenye ubongo na inaweza kuleta uziwi, ulemavu wa kudumu au kifo. Mwanga wa bluu ukiipiga ngozi huibadilisha taka hiyo ili mwili uitoe kwa urahisi. Ndiyo maana ngozi lazima iwe wazi.

Kukaa wodini na kutazama

Walichokiona hospitalini Vietnam ndicho kilichobadilisha kazi yao. Watoto kadhaa walilazwa chini ya taa moja, na aliyekuwa pembeni alipata mwanga kidogo. Na akina mama, wakiona mtoto yuko uchi chini ya taa yenye rangi ya baridi, waliwafunika.

Mtu angeweza kubandika tangazo ukutani: Usifunike Mtoto. Wahandisi hawa waliona kwamba tangazo lingeshindwa na huruma ya mzazi saa nane za usiku. Wakabadilisha kifaa.

Kifaa hicho kipya waliita Firefly, yaani kimulimuli. Kitanda chake ni kidogo, kinamtosha mtoto mmoja tu, hivyo hata wodi ikijaa hakuna nafasi ya kumbananisha wa pili. Mwanga unatoka juu na chini kwa pamoja. Mama akimfunika mtoto kwa juu, mwanga wa chini unaendelea na kazi. Na kwa kuwa ni kidogo, kinaweza kukaa karibu na kitanda cha mama badala ya mtoto kupelekwa mbali.

Kwa maneno mengine, walikubali kwamba kosa litatokea, wakatengeneza kifaa kinacholivumilia. Msimamo wa Prestero ni kwamba hakuna mtumiaji mjinga, kuna vifaa vilivyobuniwa vibaya.

Chupa ya soda jikoni

Msimamo huo una kazi kubwa nyumbani kuliko hata kiwandani.

Katika nyumba nyingi mafuta ya taa huhifadhiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, chini ya meza ya jiko. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, anaiona chupa anayoijua, anakunywa. Baada ya hapo maneno huwa ni yale yale: mtoto mtundu, dada wa kazi mzembe, mama alikuwa wapi.

Mhandisi angeuliza swali moja: ni nini kilichofanya kosa hili liwe rahisi? Jibu lake ni chupa. Mtoto amefundishwa tangu anajua kushika kikombe kwamba chupa ile ina kinywaji kitamu. Mafuta yakihamishiwa kwenye dumu lisilofanana na chombo cha kinywaji, likafungwa vizuri na kuwekwa juu asipofika, kosa hilo halitegemei tena kama kuna mtu anayemtazama mtoto dakika ile.

Njia hiyo iliwahi kuokoa watoto kwingine. Mwaka 1967, jijini Windsor nchini Kanada, daktari wa watoto Henri Breault aliyechoshwa na kutibu watoto waliomeza dawa za wazazi wao aliongoza kazi ya kupata kifuniko cha chupa ambacho lazima kwanza kibonyezwe ndipo kizungushwe. Mtoto mdogo hushindwa kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Mwaka 1970 Marekani ikatunga sheria ya vifungashio vya aina hiyo kwa dawa na kemikali nyingi za nyumbani. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wameonywa miaka na miaka.

Kama ajali imeshatokea, mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika na asipewe maziwa ili atapike. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Awahishwe hospitali, na chupa ibebwe ili mhudumu ajue alichokunywa.

Mtihani wenye alama nyekundu

Swali hilo hilo linafaa mtoto anaporudi na karatasi ya hisabati yenye 30 kwa 100. "Kwa nini umefeli?" ni swali ambalo mtoto hana jibu lake, hivyo atanyamaza au atadanganya. Mwezi ujao ataificha karatasi.

Mzazi anaweza kukaa naye na kuipitia karatasi swali kwa swali. Huenda njia ni sahihi lakini namba amezinakili vibaya kutoka ubaoni, 8 imekuwa 3, 7 imekuwa 1. Huyo huenda hahitaji viboko wala twisheni ya ziada. Huenda anahitaji kupimwa macho, na wakati anasubiri, mwalimu aombwe amhamishie dawati la mbele. Mwingine atakuwa amekosa maswali ya sehemu tu, yote ya wiki aliyokuwa anaumwa malaria. Huyo ana pengo moja linalojulikana, na linaweza kuzibwa Jumamosi mbili.

Mtoto anayeona makosa yake yanachunguzwa bila kelele hujifunza kuyaleta mezani mapema. Tabia hiyo itamfaa siku atakapokuwa na tatizo kubwa kuliko hisabati.

Hili halimaanishi kwamba hakuna mtu anayewajibika. Prestero na wenzake waliwajibika kwa kulitaja kosa lao na kulifanyia kazi. Anayeitwa mjinga hujitetea, na wakati anajitetea hakuna anayetazama kifaa.

Mzazi wa mtoto mchanga azingatie

Manjano yanayoanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa ni ya kuwahi hospitali mara moja. Vivyo hivyo yakifika kwenye viganja na nyayo, au mtoto akiwa mlegevu, analala kupita kiasi au anakataa kunyonya. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, atazamwe weupe wa macho, fizi na viganja, mahali penye mwanga wa kutosha. Kumwota jua la asubuhi si mbadala wa kipimo wala wa tiba ya hospitali.

Na akiwekwa kwenye taa, si kila wodi ina kitanda chenye mwanga wa chini. Mama aulize mapema, kabla kanga haijatoka begani: mtoto abaki na nini mwilini, atolewe mara ngapi kunyonya, na akionekana anapata baridi aitwe nani? Nesi akiyajibu maswali hayo siku ya kwanza, huenda usiku huo asiwe na mama wa kumgombeza.