Viwanja na kumbi za Eastlands: bodi moja, daftari moja

Januari 2025, Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yabaki 20. Sababu zilizotolewa zinajulikana: kazi zinarudiwa, pesa hazitoshi, madeni yamerundikana. Hatupingi hoja hiyo. Tunasema tu kwamba haijafika Jogoo Road, Eastlands, na huko ndiko inakohitajika zaidi.

Nairobi haina msimamizi mmoja wa mahali watu wanapokutania na kuchezea. Kasarani na Nyayo ni za Sports Kenya, shirika lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Jumba la mikutano la KICC lina bodi yake chini ya wizara ya utalii. Bomas ina yake. Uwanja wa Talanta kule Ngong Road unajengwa chini ya Wizara ya Ulinzi, kwa hati fungani ya takriban Sh44.8 bilioni iliyosajiliwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Halafu kuna City Stadium, Camp Toyoyo kule Jericho, uwanja wa Dandora, ukumbi wa Kaloleni, kumbi za Pumwani, Jericho na Makadara. Hivi ni vya kaunti, na havina bodi yoyote. Vinaendeshwa na maafisa wa idara, mmoja hapa na mwingine pale, na hesabu zao mwananchi hazioni.

Maoni yetu ni kwamba viwanja na kumbi zote za Kaunti ya Nairobi viwekwe chini ya bodi moja iliyoundwa kwa sheria ya kaunti, na kazi hiyo ianzie Eastlands.

Tunaanzia huko kwa sababu huko ndiko vilikojengwa kwanza na ndiko vinakotumika zaidi. Ukumbi wa Kaloleni ni wa miaka ya 1940. Kabla ya uhuru, wanasiasa wa Kiafrika walihutubia na kubishana humo mpaka watu wakaubandika jina la House of Commons, na Tom Mboya, aliyewahi kuishi Ziwani, alikuwa mmoja wao. Uwanja wa Kamukunji ndiko wapigania vyama vingi walikoitisha mkutano wa Julai 7, 1990, siku tunayoiita Saba Saba. City Stadium umewalea Gor Mahia na AFC Leopards kwa miongo kadhaa, na shabiki aliyetoka humo akiwa na njaa alivuka tu hadi soko la Burma kutafuta nyama choma. Ndondi za nchi hii nazo zilijengwa kwenye kumbi za mitaa hii, juu ya sakafu za saruji, kwa glavu za kuazimana.

Leo mtu wa Maringo anayetaka ukumbi kwa mchango wa matanga, au kocha wa Umoja anayetaka kiwanja Jumamosi asubuhi, hajui aende wapi. Atamtafuta anayeshika ufunguo. Atampigia simu mwakilishi wadi. Ataambiwa pameshachukuliwa, na hana njia ya kujua kama ni kweli, kwa kuwa daftari la kuweka nafasi halionekani. Mwenye pesa au mwenye chama cha siasa hupata. Kikundi cha vijana wa maigizo hungoja. Tunaona hili ndilo kosa kubwa kuliko paa linalovuja, maana paa hurekebishwa kwa wiki moja, lakini kijana aliyefukuzwa mlangoni mara tatu harudi.

Sasa tuje kwenye pesa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaagiza mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa kwa sheria ya Bunge. Kwa hiyo ada ya ukumbi ikilipwa, inaondoka mtaani. Msimamizi akitaka balbu, anaandika barua City Hall, makao ya kaunti, na kungoja. Choo kikiziba, ni hivyo hivyo. Mwenye kukusanya hana sababu ya kukusanya vizuri, kwa sababu anachokusanya hakimrudii.

Hospitali za umma zilikuwa na tatizo hili hili, na likatatuliwa. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka 2023 iliruhusu vituo hivyo vibaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia papo hapo, chini ya ukaguzi. Kwa sheria hiyo Pumwani, hospitali ya kina mama kujifungua, inaweza kutumia mapato yake. Hatuoni kwa nini ukumbi ulio mtaa huo huo usipewe ruhusa kama hiyo. Seneta na wabunge wa Nairobi wana kazi ya kufanya hapa, kwa kuwa kaunti peke yake haiwezi kujiondolea sharti la Katiba.

Kuna watakaosema bodi moja ni mzigo mpya wa mishahara na marupurupu. Hofu hiyo ni ya haki; Wakenya wameona bodi nyingi zinazokula na kulala. Basi idadi iwe ndogo, marupurupu yawekewe kikomo ndani ya sheria, na bodi isiajiri upya bali ichukue maafisa waliopo. Tanzania imefanya kitu cha karibu na hiki. AICC, shirika la kituo cha mikutano cha Arusha, ilianzishwa mwaka 1978 kusimamia majengo yaliyoachwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka uliotangulia. Leo shirika hilo hilo linaendesha pia ukumbi wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, pamoja na nyumba za kupangisha na hospitali. Kule Indianapolis, Marekani, bodi moja iliyoundwa mwaka 1965 inasimamia ukumbi wa mikutano na uwanja mkubwa wa michezo wa jiji kwa pamoja. Kuunganisha kunawezekana, na hakuhitaji uchawi.

Hofu ambayo sisi tunaiona kubwa zaidi ni nyingine. Bodi yenye City Stadium na Dandora mkononi itavutwa na tamasha, mahubiri ya hadhara na mikutano ya siasa, kwa sababu huko ndiko kwenye pesa ya haraka. Ukumbi wa Kaloleni, unaoingiza ada ndogo kwa mchango wa mazishi na mazoezi ya karate, utageuka mtoto wa kambo. Kwa sababu hiyo sheria itaje saa. Kila ukumbi na kila kiwanja kiwe na saa za wiki ambazo ni za wakazi, bila malipo au kwa ada ndogo, na saa hizo zisiuzwe kwa mtu yeyote, awe nabii au mgombea. Sehemu ya mapato ya viwanja vikubwa itengwe kwa kumbi ndogo, kwa asilimia iliyoandikwa. Na wanaotumia mahali hapa wakae kwenye bodi kwa kura yao wenyewe: makocha, vikundi vya sanaa, kina mama wa vyama, walemavu, wapangaji wa nyumba za kaunti. Chama cha michezo cha vijana, MYSA, kimeendesha michezo ya watoto Mathare tangu 1987, na vijana wake wameshika humo nyadhifa za uongozi wangali wadogo. Watu wa Eastlands wanajua kusimamia.

Tunasisitiza pia kwamba bodi hii iwe ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti viwanja vya michezo na shughuli za utamaduni. Kati ya 2020 na 2022 Nairobi ilionja utawala wa Nairobi Metropolitan Services (NMS), pale kazi kubwa za kaunti zilipohamishiwa serikali kuu. Barabara kadhaa na hospitali zilijengwa, hatukani. Lakini kwa kazi hizo mwananchi hakuwa na mwakilishi wadi wala gavana wa kumwuliza, na NMS ilipovunjwa, mambo mengi yalirudi City Hall yakiwa nusunusu. Uwanja wa Dandora ulianza enzi za Gavana Evans Kidero na umepita mikononi mwa magavana wengine watatu. Umeshaandaa mechi za Ligi Kuu, jambo jema, ila hakuna sababu kiwanja cha mtaa kiishi kwa kungoja gavana mpya.

Na kuna suala la ulinzi wa mali yenyewe. KICC ilifunguliwa mwaka 1973, ikawa makao ya chama tawala cha KANU, na ikarudi mikononi mwa umma mwaka 2003 baada ya chama hicho kushindwa uchaguzi. Miaka ishirini baadaye ilijikuta kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoizuia serikali Septemba 2024. Jumba lenye ghorofa 28, linaloonekana kwenye noti na kadi za posta, liliponea mahakamani. Ukumbi wa Makadara utaponea wapi? Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi. Sasa Eastlands inabomolewa na kujengwa upya: Makongeni, Shauri Moyo, Bahati, Ziwani, mitaa ya zamani inapisha maghorofa. Nyumba zinahitajika. Lakini mkandarasi akifika na mchoro wenye ghorofa kumi na tano na hauna ukumbi, leo hakuna mtu mwenye hatimiliki ya kumsimamisha. Bodi ikishika hati zote, itakuwa na mamlaka ya kusema hapana, na ya kwenda kortini ikibidi.

Muda si mrefu. Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania katikati ya mwaka 2027, na uchaguzi mkuu ni Agosti mwaka huo huo. Pesa zitaelekezwa Talanta na Kasarani, kisha kumbi za mitaa zitajaa kampeni. Bunge la Kaunti lipelekewe mswada kabla ya msimu huo, ukiwa na saa za wakazi, asilimia ya kumbi ndogo na viti vya watumiaji vimeandikwa ndani yake. Na wakati mswada unasubiri kusomwa, Gavana Johnson Sakaja hahitaji sheria yoyote mpya kufanya jambo moja: kuagiza daftari la kuweka nafasi la kila ukumbi na kiwanja cha kaunti libandikwe mlangoni, likionyesha nani amepewa, siku gani, na alilipa kiasi gani.