Herufi Zaliwa, Sisi Twanunua Spika

Mwezi uliopita nilialikwa kwa jamaa yangu Kibokoni kusikiliza nyimbo za Juma Bhalo. Mwenyeji kanunua spika mbili, kila moja kimo cha mtoto wa chuoni, kazibandika kwenye pembe za ukuta. Akafungulia. Mvumo ukatutikisa vifua, lakini mashairi hatukuyasikia. Na Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2014, mengi aliyoyaimba ni tungo za binamu yake, Ahmad Nassir. Tarabu isiyosikika maneno ni tarabu gani?

Sisi tuliosoma chuoni tulichapwa kwa ajili ya makhraji ya herufi: sini isiwe swadi, wala thaa isiwe sini. Pale zote zilikuwa herufi moja.

Nikauliza nyimbo zimetoka wapi. Kumbe zilihamishwa kutoka kaseti, kwenye duka fulani, zikabanwa ili zienee nyingi katika simu. Hapo ndipo penye ugonjwa. Sahani ya CD huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 hubakisha kiasi cha sehemu moja katika 11 ya habari ile. Ikibanwa zaidi ya hapo, sauti nyembamba za juu ndizo zikatwazo mwanzo, nazo ndizo zibebazo s, sh na th. Kuinakili faili kama ilivyo hakupunguzi kitu. Kuibana tena ndiko kupunguzako. Kilichokatwa hakirudi, hata ununue spika ya laki mbili.

Mimi nasema fedha zile zingetangulia kwenye kaseti. Kisafishwe kichwa cha deki, nyimbo zihamishwe upya kwa FLAC, ambayo hubana pasipo kutupa chochote, na kaseti yenyewe iwekwe. Jamaa yangu, alhamdulillahi, alikuwa hajazitupa zake. Wangapi wamekwisha kuzitupa!

Siku ile tulizitoa spika pembeni, kwani pembe huzidisha mvumo wa chini, tukaziinua usawa wa masikio. Tukatandika zulia juu ya vigae, tukapunguza besi, tukatia waya mahali pa blututhi, ambayo nayo huibana sauti njiani. Faili ni zile zile mbovu, lakini beti mbili tatu zikafahamika.

Mamake mwenyeji, aliyekuwa akisinzia mkekani, akafumbua macho. “Huyu si Bhalo?” akauliza. “Mbona tangu mwanzo mwatupigia wengine?”