Nywila wodini: usalama ukigombana na haraka ya kazi

Hospitali zetu za umma zinaendelea kuhama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta. Katika hospitali za halmashauri, vituo vya afya na zahanati nchini Tanzania, mfumo wa serikali wa GoTHOMIS hutumika kuandikisha wagonjwa, kuomba vipimo, kutoa dawa na kukusanya malipo. Ili kuutumia, mtumishi huingia kwa jina lake na nywila yake. Hapo ndipo penye mvutano ambao sisi tulio kwenye foleni hatuuoni.

Wataalamu wa TEHAMA hutaka nywila iwe ndefu na kompyuta ijifunge ikiachwa dakika chache. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku ana wodi nzima, na kompyuta moja inatumiwa na watu kadhaa. Akienda kubadilisha dripu, akirudi anakuta skrini imejifunga, anaanza upya. Ndiyo maana mara nyingine mmoja huingia mwanzo wa zamu na wenzake wote wakafanya kazi kwa jina lake, au nywila ikabandikwa kwenye karatasi pembeni ya skrini.

Kwa nini inatuhusu?

Kwanza, ni siri zetu. Jina la aliyeingia ndilo linaloonyesha nani amefungua majibu ya kipimo cha VVU cha mgonjwa. Watu watano wakitumia jina moja, siri ikivuja hajulikani aliyeivujisha. Pili, dozi ikikosewa, litasomeka jina la mtu ambaye huenda hakuwepo kabisa, naye ndiye atakayeulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Wenzetu wamefanyaje?

Mwaka 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 40 za kupunguza muda wa kuingia kwenye mifumo ya hospitali, baada ya kuonekana kwamba baadhi ya watumishi walilazimika kuingia kwenye mifumo hadi 15 tofauti. Mfano uliotolewa ni hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool. Baada ya watumishi kuwezeshwa kuingia mara moja tu na kufikia mifumo yote, muda ulishuka kutoka dakika 1 na sekunde 45 hadi sekunde 10. Kwa kuwa watu huingia karibu mara 5,000 kwa siku, ziliokolewa zaidi ya saa 130 za kazi kila siku.

Teknolojia hiyo ni ghali, lakini yapo yasiyohitaji mamilioni. Kila mtumishi, hata aliye mafunzoni, apewe akaunti yake siku anayoanza kazi, na aliyehama ifungwe. Kompyuta ya mapokezi, inayoonwa na kila mpita njia, ijifunge haraka kuliko ile ya chumba cha dharura. Na watumishi wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache bila sababu. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri hivyo.

Kwa maoni yetu, kumkaripia muuguzi hakutoshi. Kanuni inayomchelewesha kumhudumia mgonjwa ataikwepa, na ikishakwepwa haimlindi yeyote. Wanaopanga kanuni hizi wakae kwanza wodini zamu moja ya usiku.